Kumtafuta mwanamke wa shamba wa Marekani ya karne ya 19: dalili, sababu na tiba

Mwanamke aliyeishi shambani Ohio, Kentucky au Missouri mwaka 1850 hakupiga kura, hakuandikishwa jeshini, na akishaolewa mali yake kwa kawaida ilikuwa mkononi mwa mumewe. Mississippi ilianza kulegeza sheria hiyo 1839 na New York 1848, lakini mazoea yalidumu. Kwa hiyo karatasi zinazomhusu zipo, ila zimefunguliwa faili kwa jina la mwanamume: baba, mume, kaka au mkwe. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanatokana na kumtafuta kwa jina lake mwenyewe pekee.

Kabla ya kugusa dalili yoyote, andika mfululizo wa maisha yake kwenye karatasi moja: kila tukio, tarehe, kaunti, na nani alitoa taarifa hiyo. Anza na kifo urudi nyuma. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure, na magazeti ya zamani yaliyomo Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ni bure. Tovuti za kulipia zisubiri mpaka ujue hasa unachotafuta.

Dalili: Unamjua kwa jina la mumewe tu, jina la kwao halipo

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko yote.

*Umefuata mtoto mmoja tu.* Mtu hushikilia yule mtoto anayetokana naye, ndugu wengine akawaacha. Vyeti vya kifo vya karne ya 20 vina nafasi ya jina la mama kabla ya kuolewa, ila majimbo yenye mashamba mengi yalichelewa kuvianzisha: Pennsylvania 1906, Missouri 1910, Georgia 1919. Mtoto aliyezaliwa 1855 akafa Missouri mwaka 1925 ana cheti hicho. Tafuta cha kila mtoto, wavulana kwa wasichana, hata wale waliohamia mbali. Kisha tazama mtoa taarifa ni nani. Mkwe ambaye hakuwahi kumwona mama huyo anaweza kutaja jina la bibi mwingine kabisa. Vyeti viwili vya watoa taarifa tofauti vikikubaliana, vina uzito kuliko kimoja kilichoandikwa vizuri. Kwa watoto wa mwisho, waliozaliwa 1875 hivi na kuendelea, kuna fomu SS-5 ya kuombea namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) kuanzia 1936. Hapo mwombaji alitaja wazazi wake mwenyewe.

*Umesoma faharasa ya ndoa, hukufungua hati.* Faharasa hutoa majina mawili na tarehe, basi. Bahasha yenyewe inaweza kuwa na vipande vitatu: dhamana, leseni, na taarifa ya mchungaji. Virginia, Kentucky na North Carolina bwana harusi aliweka dhamana akiwa na mdhamini, na mdhamini huyo mara nyingi alikuwa baba au kaka wa bibi harusi. North Carolina ilitumia dhamana hizo hadi 1868. Bibi harusi akiwa chini ya umri wa kisheria, hukunjwa humo kijikaratasi cha idhini, wakati mwingine kimechanwa kwenye daftari: baba anamwandikia karani kwamba amekubali bintiye aolewe, ameweka alama ya X badala ya sahihi, na mashahidi wawili wamesaini pembeni. Hao mashahidi waandike. Si watu wa kupita tu.

*Jina kwenye hati ya ndoa si la kwao.* Alikuwa mjane, akaolewa tena kwa jina la marehemu mumewe. Shuku hili kama aliolewa akiwa na miaka zaidi ya 25, au kama sensa inaonyesha watoto wenye ubini tofauti ndani ya kaya. Rudi nyuma miaka 5 hadi 15 katika kaunti hiyohiyo, tafuta bwana harusi mwenye ubini huo aliyeoa msichana mwenye jina lake la kwanza.

*Mirathi ya baba haijasomwa.* Wosia wenye maneno "binti yangu Mary" bila ubini wa mume hausaidii sana. Ajabu ni kwamba baba aliyekufa bila wosia mara nyingi ana faida kubwa zaidi kwako, kwa sababu sheria iliwagawia watoto wote, na wakwe walilazimika kutajwa na kusaini. Tafuta mashauri ya kugawana ardhi na hati za mauzo za warithi wengi kwa pamoja.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa kuliko vingine hapa. Chukua faharasa ya wauzaji ardhi ya kaunti, orodhesha kila kipande ambacho mume aliuza, kisha orodhesha kila kipande alichonunua. Akiwa ameuza ardhi ambayo hukumbuki kuona akiinunua, basi huenda imemjia kupitia mkewe. Soma hati hiyo neno kwa neno: eneo limepakana na nani, fungu ni la ngapi kati ya mafungu mangapi, nani wengine wameuza mafungu yao mwaka huohuo.

Hati za mauzo pia zina mke kwa sababu ya haki ya mjane. Msomaji aliyezoea thumni ya mirathi ya Kiislamu asichanganye: hapa mjane alikuwa na matumizi ya theluthi ya ardhi ya marehemu kwa maisha yake tu, bila kuimiliki. Mnunuzi hakutaka kusumbuliwa baadaye, kwa hiyo karani alimhoji mke faraghani, mbali na mumewe, kama ameridhia. Kwenye faharasa ataonekana kama *et ux.* tu, Kilatini cha "na mkewe". Jina lake limo ndani.

*Hujatafuta pensheni.* Mume, kaka au mwana aliyepigana upande wa Muungano (Kaskazini) katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe anaweza kuwa na faili Nyaraka za Taifa (National Archives), Washington. Sheria ya 14 Julai 1862 iliwapa wajane na mama tegemezi haki ya kudai. Ile ya 27 Juni 1890 ilipanua mlango zaidi. Mjane alipaswa kuthibitisha ndoa na kuzaliwa kwa watoto, na mashambani hapakuwa na vyeti, kwa hiyo utakuta viapo vya mkunga, vya dada, vya jirani aliyehudhuria harusi, hata kurasa zilizochanwa kutoka Biblia ya familia. Sheria ya 7 Agosti 1882 ilimnyima pensheni mjane aliyeishi na mwanamume bila ndoa, hivyo mafaili mengine yamejaa umbeya wa kijiji kizima. Kwa mtafiti ni dhahabu.

Faharasa inafuata jina la askari. Mjane akiolewa tena alipoteza pensheni, ikahamia kwa mlezi wa watoto wa chini ya miaka 16, kwa hiyo tafuta na jina la mlezi. Askari wa Kusini walilipwa na majimbo yao. Mafaili hayo yako kwenye hifadhi za jimbo alikoomba, ambako si lazima ndiko alikopigania.

Simama hapa na utafute mtaalamu iwapo umebaki na baba wawili wenye ubini uleule, kaunti ileile, na kila hati inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Kuchagua anayependeza ndiko kunakozalisha miti ya ukoo ya uongo inayonakiliwa mtandaoni.

Dalili: Yuko kwenye sensa moja, inayofuata hayupo

Sababu ya kwanza ni maandishi. Aliyetengeneza faharasa alisoma L kama S, T kama F. Herufi "ss" za wakati huo zinafanana na "fs", kwa hiyo Russell huwa Rufsell. Acha ubini kabisa: weka jina la kwanza, umri kwa kupungua au kuzidi miaka 5, jimbo alikozaliwa, na jina la mtoto mwenye jina lisilo la kawaida. Utafutaji kwa msimbo wa sauti, Soundex, huwaleta pamoja Smith na Schmidt kwa S530, lakini haukuletei Kauffman na Coffman kwa sababu herufi ya kwanza haibadilishwi.

Jina la kwanza nalo hugeuka. Polly ni Mary, Patsy ni Martha, Sally ni Sarah, Peggy ni Margaret, Betsy ni Elizabeth. Kwenye gazeti hatakuwa na jina kabisa, ataitwa Mrs. na jina zima la mumewe, kwa hiyo tafuta la mume.

Pili, ameolewa tena. Tafuta watoto wadogo kwanza. Mara nyingi wameandikwa kwa ubini wa baba wa kambo.

Tatu, kaunti imegawanywa. Familia haikuhama hata hatua moja, mpaka ndio uliohama. West Virginia ilitoka Virginia 20 Juni 1863; Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792. Maktaba ya Newberry ya Chicago ina ramani za mipaka ya kaunti tarehe kwa tarehe. Zitazame kabla ya kuandikia ofisi yoyote.

Nne, amefariki. Sensa za 1850, 1860, 1870 na 1880 zina orodha ya waliokufa katika miezi 12 kabla ya 1 Juni ya mwaka huo, na chanzo cha kifo.

Na kama unatafuta 1890, acha. Moto wa Januari 1921 katika jengo la Wizara ya Biashara uliharibu sehemu kubwa ya sensa hiyo, na mabaki karibu yote yakatupwa baadaye. Kilichosalia cha maana ni orodha ya askari wa Muungano na wajane wao, tena si ya majimbo yote. Ziba pengo la miaka 20 kwa sensa za majimbo (Kansas na Iowa zina za 1885), kodi na magazeti.

Dalili: Kabla ya 1850 hayupo popote

Hayo si makosa yako. Kuanzia 1790 hadi 1840 sensa ilitaja mkuu wa kaya tu. Wengine ni vijistari kwenye safuwima za umri. Ila vijistari vinasomeka. Msichana aliyezaliwa mapema 1822 lazima awe kwenye safuwima ya wasichana wa miaka 5 hadi chini ya 10 mwaka 1830, na ya 15 hadi chini ya 20 mwaka 1840 kama hajaolewa. Orodhesha kaya zote za ubini unaoshuku katika kaunti, futa zile zisizo na msichana wa rika hilo. Mara nyingi hubaki tatu au nne. Usiseme umempata; umepunguza tu. Halafu nenda kwenye mirathi za hizo tatu au nne.

Ukurasa wa pili wa sensa ya 1840 unataja kwa jina waliokuwa wakipata pensheni ya Vita vya Mapinduzi, wajane wakiwemo. Watu wengi huusahau kwa sababu picha yake huwa baada ya ile ya kwanza.

Kanisa nalo lisaidie. Wabaptisti hawakubatiza watoto wachanga, kwa hiyo usitafute ubatizo wa utotoni. Tafuta kumbukumbu za mikutano zinazosema mwanachama amepokelewa kwa barua kutoka kanisa fulani. Barua hiyo inakuonyesha alikotoka. Waquaker, dhehebu jingine la Kikristo, waliandika hivyohivyo kwa umakini zaidi, pamoja na kumfukuza binti aliyeolewa nje ya jamii yao.

Dalili: Umri na watoto havilingani

Sensa moja inasema 30, ya miaka kumi baadaye inasema 37. Hiyo ni kawaida. Aliyejibu anaweza kuwa mtoto, jirani au mume asiyejali. Tatizo la kweli ni pale mtoto mkubwa alipozaliwa mama akiwa na miaka 12, au pengo la miaka minne linapotokea katikati ya watoto. Shuku mke wa pili. Sensa za 1850, 1860 na 1870 hazikuandika uhusiano na mkuu wa kaya. 1880 ndiyo ya kwanza. Mwanamke wa miaka 28 chini ya mwanamume wa 50 anaweza kuwa mke, binti, dada au mtumishi.

Sensa ya 1900 ndiyo kipimo bora kama alikuwa hai: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, idadi ya watoto aliowazaa na walio hai. Akisema amezaa 4 na wewe una 9 kwenye mti, huenda watano wana mama mwingine.

Kaburi pia hukokotolewa. Jiwe likisema amekufa 20 Machi 1872 akiwa na miaka 43, miezi 7, siku 12, ondoa miaka, kisha miezi, kisha siku: 8 Agosti 1828. Ruhusu kosa la siku moja mbili. *Consort* kwenye jiwe ni mke aliyetangulia kufa, *relict* ni mjane. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya, klorini, chaki wala povu la kunyolea, vinakula maandishi. Piga picha jua likiwa limelala upande, au lielekezee kioo. Kaburi likiwa ndani ya shamba la mtu, omba ruhusa kwanza.

Na jihadhari na neno *orphan* katika mirathi. Mtoto aliyefiwa na baba aliitwa hivyo hata mama yake akiwa hai jikoni. Watu wameua mabibi wengi kwenye miti ya ukoo kwa kosa hilo. *Infant* nalo mahakamani ni yeyote ambaye hajafikia utu uzima wa kisheria, anaweza kuwa wa miaka 19.

Dalili: Jengo la mahakama liliungua

Uliza kwanza kilichoungua ni nini. Mara nyingi ni ofisi moja, na madaftari ya ardhi yamo. Wenye ardhi walirudi kusajili upya hati zao, hivyo hati ya 1820 inaweza kuwa kwenye daftari la 1870. Baadhi ya kaunti za Virginia zilipeleka vitabu Richmond ili viwe salama wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, vikateketea huko Aprili 1865. Lakini orodha za kodi za jimbo zipo tangu 1782, na taarifa za kuzaliwa na kufa za 1853 hadi 1896 nakala zake zilipelekwa serikali ya jimbo. Hamia kwenye nyaraka za shirikisho, kaunti jirani na rufaa za mahakama kuu ya jimbo.

Katika majimbo ya magharibi, sheria ya 20 Mei 1862 iliwapa ekari 160 wakuu wa familia na watu wa miaka 21 na zaidi, wajane na wanawake wasioolewa wakiwemo, kwa sharti la kuishi na kulima miaka mitano. Mjane alimalizia madai ya marehemu. Hatimiliki inapatikana kwenye tovuti ya Bureau of Land Management yenye kumbukumbu za Ofisi Kuu ya Ardhi (General Land Office), lakini faili la Nyaraka za Taifa ndilo lenye maelezo: vipimo vya nyumba kwa futi, kisima, ekari zilizolimwa, ushahidi wa majirani. Agiza faili, usiridhike na hatimiliki.

Dalili: Alizaliwa utumwani na njia inakatika 1870

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa jina wengi wa waliotoka utumwani. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi tu. Usianze huko. Anza na rejista za Benki ya Akiba ya Watu Huru (Freedman's Bank, benki ya waliotoka utumwani), 1865 hadi 1874, zinazoweza kutaja wazazi, ndugu na aliyekuwa bwana. Fuata na nyaraka za Ofisi ya Watu Huru (Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia), 1865 hadi 1872. Na rejista za 1866 za Virginia na North Carolina zilizothibitisha ndoa za waliokuwa watumwa. Pensheni za wanajeshi weusi ni tajiri kupita zote, maana mjane hakuwa na cheti na mkaguzi maalumu alikwenda kuwahoji watu waliokua naye.

Ukimjua mmiliki, soma orodha ya mali ya mirathi yake: majina, umri, na bei mbele ya kila jina, mama na mtoto wakati mwingine kwenye mstari mmoja. Usichukulie kwamba ubini wake ndio wa mmiliki wa mwisho.

Dalili: Familia inasema alikuwa binti mfalme wa Cherokee

Cherokee hawakuwa na mabinti wafalme. Kagua orodha za Dawes (orodha za serikali za wanachama wa makabila matano, Cherokee wakiwemo) na maombi ya Guion Miller (ya kudai fidia ya Cherokee wa Mashariki) ya 1906 hadi 1909, ukikumbuka kwamba maombi mengi ya Miller yalikataliwa. Kuomba si ushahidi. Kama lengo ni uanachama wa kabila, uamuzi ni wa taifa lenyewe la Cherokee, na kipimo cha DNA hakitoi uanachama.

Dalili: DNA imeleta mamia ya majina na hakuna linaloeleweka

Kwa kawaida umempima mtu asiyefaa. Mpime mzee zaidi aliye hai katika tawi, si kijana. Vilembwe wawili (watoto wa vitukuu) wa mume na mke wamoja, kupitia watoto tofauti, wana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kuonekana wanafanana. Vining'ina (watoto wa vilembwe) ni kama nusu tu. Wapange wanaofanana kwa makundi kulingana na wanaofanana nao kwa pamoja, kisha tafuta ubini na kaunti vinavyojirudia ndani ya kundi moja. DNA ya mitokondria inafuata binti wa binti wa binti bila kukatika, na hubadilika polepole mno: ukifanana kikamilifu, mama yenu wa pamoja anaweza kuwa wa mamia ya miaka iliyopita. Itumie kukanusha dhana kuliko kuithibitisha.

Matokeo yakionyesha baba asiyetarajiwa katika vizazi vilivyo hai, simama. Usiwaandikie watu wala kutangaza kwenye mti wa hadharani kabla ya kuzungumza na mtaalamu wa nasaba wa DNA.

Unapomwita mtaalamu

Mbali na yaliyotajwa, mwite kama hati iko kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, kama karatasi inavunjika mikononi (hiyo ni ya mhifadhi, usiilaminishe wala kuibandika gundi ya plastiki), au kama kaunti inahitaji mtu kwenda kufungua masanduku yasiyopigwa picha. Marekani, angalia aliyethibitishwa na Board for Certification of Genealogists au ICAPGen. Mpe swali moja, mfano "wazazi wa Mary aliyeolewa kaunti fulani 1841 ni nani", si "nitafutie ukoo". Ambatanisha mfululizo wako na orodha ya ulikokwisha kutafuta bila kupata, weka kikomo cha saa za kulipia, na dai ripoti hata kama hakupata kitu.